Uzee Unasingiziwa: Fizi, Tumbaku na Hesabu ya Miaka

Mtu akivuka miaka 60 meno yakaanza kucheza, kila mmoja ana jibu tayari: uzee huo. Watoto wanasema hivyo, majirani wanasema hivyo, na mara nyingi mwenye meno ndiye wa kwanza kusema. Anahamia kutafunia upande mmoja. Anaacha mahindi ya kuchoma, nyama anataka ichemke mpaka iachane na mfupa, na mwishowe anakwenda kung'oa jino moja, mwakani la pili. Hakuna anayeuliza kulikoni, kwa kuwa jibu limetangulia swali.

Ninalipinga jibu hilo, na ninalipinga kwa sababu linawagharimu watu meno ambayo yangeweza kuokolewa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee mdomoni ni tumbaku, sukari ya damu isiyodhibitiwa, na ukoga uliokaa miaka bila mtu wa kuuondoa. Na sehemu kubwa ya tofauti tunayoiona kati ya wanaume na wanawake inatokana na mambo hayo hayo, pamoja na tabia ya wanaume ya kutokwenda kwa daktari mpaka maumivu yawashinde. Kuna kinachobaki ambacho hakielezwi na mazoea, nacho nitakifikia. Ila hicho kinachobaki ni kidogo kuliko tunavyojiaminisha.

Takwimu zenyewe, ukizisoma haraka, zinaipa nguvu dhana ya uzee. Nchini Marekani watu wazima walipimwa fizi jino kwa jino, mdomo mzima, mwaka 2009 na 2010. Asilimia 47 ya wenye miaka 30 na kuendelea walikutwa na ugonjwa wa fizi ulioshuka chini na kuanza kuharibu kinacholishikilia jino. Kwa wenye miaka 65 na zaidi ilikuwa asilimia 70. Wanaume walikuwa asilimia 56, wanawake 38. Msomaji wa haraka ataondoka akiamini kwamba tatizo ni kuzeeka, na kuzaliwa mwanamume.

Lakini kazi hiyo hiyo ilitoa namba nyingine mbili. Wavutaji sigara waliokuwa na ugonjwa walikuwa asilimia 64. Wanaoishi chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 65. Maana yake ni kwamba ukiwakusanya wavutaji wote kuanzia miaka 30, vijana kwa wazee, kundi zima linakaribia hali ya watu waliokwisha kustaafu. Maskini vivyo hivyo. Basi umri unashindana na vitu vingine vinavyoweza kumfikisha mtu mahali pale pale mapema zaidi, na baadhi ya vitu hivyo vinaweza kuondolewa.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe magonjwa mawili ambayo mitaani yamewekwa kapu moja. La kwanza ni fizi kuvimba na kutoka damu. Mtu anapiga mswaki, anatema, anaona damu kwenye sinki, anasema ana kiseyeye au amekosa vitamini. Kiseyeye halisi, kinachotokana na upungufu mkubwa wa vitamini C, ni nadra kwa mtu anayekula matunda na mboga. Mara nyingi damu hiyo inatokana na ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye shingo ya jino, pale ufizi unapoanzia. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Aarhus, Denmark: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kabisa. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye usafi, fizi zikapona kwa muda wa siku chache tu. Hakuna aliyepoteza kitu.

Ugonjwa wa pili ndio unaong'oa meno. Uvimbe unaposhuka chini ya ufizi na kukaa, mwili wenyewe, katika kupambana na bakteria, unaharibu nyuzi zinazolifunga jino na mfupa wa taya ulioshika mzizi. Jino linabaki kama nguzo ya uzio ambayo udongo wake umeoshwa na mvua: nguzo yenyewe nzima, haina tundu wala ufa, ila haina kilichoishika. Mfupa ukishaondoka haurudi wenyewe. Na balaa kubwa ni kwamba kwa miaka mingi hauumi. Tundu la jino litakuamsha usiku wa manane. Ugonjwa huu unakula kimya mpaka siku jino linapojongea kwa ulimi.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba aina kali ya ugonjwa huu imewapata watu zaidi ya bilioni 1 duniani, karibu mtu 1 kati ya 5 wenye umri wa zaidi ya miaka 15.

Sasa tuje kwetu, maana Afrika Mashariki ina mchango katika elimu hii ambao hausemwi vya kutosha. Katika miaka ya 1980 watafiti, wakiwamo Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Denmark, waliwapima watu wazima Tanzania, kisha wakishirikiana na Firoze Manji wakaenda Machakos, Kenya, wakachunguza watu zaidi ya 1,000 wa miaka 15 hadi 65. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini, asiye na daktari wa meno wala dawa ya meno, lazima awe na fizi zilizooza na kwamba akizeeka atabaki kibogoyo. Walichokikuta ni tofauti. Ukoga na ukoga uliogeuka jiwe ulikuwa karibu kwa kila mtu. Fizi zilitoka damu karibu kwa kila mtu. Lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umekusanyika kwa watu wachache, na hata kwa hao, kwenye meno machache. Wazee wengi walikuwa bado na meno yao mengi.

Jambo hili linastahili kutafakariwa. Kama uzee ungekuwa ndio unaomaliza fizi, wazee wa Machakos wangefanana. Hawakufanana.

Sri Lanka ilitoa ushahidi mkali zaidi. Kuanzia mwaka 1970 Löe na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume 480 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai, watu ambao hawakuwa wakisafisha meno kwa namna yoyote. Mazingira yao yalikuwa mamoja, kazi moja, chakula kimoja. Walipopangwa kwa kasi ya uharibifu, asilimia 8 walikuwa wanaangamia kwa haraka, asilimia 81 walikuwa wanakwenda kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 ugonjwa haukusogea kabisa zaidi ya fizi kuvimba. Walipofika miaka 35, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza wastani wa milimita 9 za kinachoshika jino. Kundi la tatu halikufika hata milimita 1. Umri ni ule ule, ukoga ule ule, jinsia ile ile. Hapo ndipo palipo kile kinachobaki: miili yetu haijibu kwa namna moja, na kwa sehemu fulani tunarithi jibu hilo. Mama na baba waliopoteza meno wakiwa na miaka 40 wana jambo la kuwaambia watoto wao, nalo ni kuwahi kupimwa.

Kuna hata vijana wanaopatwa na ugonjwa huu kabla hawajapata muda wa kuzeeka. Huko Moroko, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia vijana wa shule na kukuta kwamba waliobeba aina moja ya bakteria, iitwayo JP2 na wataalamu, walikuwa katika hatari kubwa mara nyingi zaidi ya kupoteza mfupa wa meno kuliko wenzao. Kijana wa miaka 16 ambaye meno yake ya mbele yanaanza kuachana bila sababu hapaswi kuambiwa asubiri. Huyo apelekwe haraka.

Wataalamu wenyewe wamekwisha kubadili namna wanavyoutazama umri. Mwaka 2017 walikutana Chicago kutoka pande zote za dunia na kupanga upya madaraja ya ugonjwa wa fizi, na mpango huo ukachapishwa mwaka uliofuata. Ndani yake kuna hesabu rahisi ambayo natamani kila mgonjwa angefanyiwa mbele ya macho yake. Daktari anatazama picha ya eksirei, anachagua jino lililoathirika zaidi, anakadiria ni asilimia ngapi ya mfupa unaozunguka mzizi imepotea, kisha anaigawa kwa umri wa mgonjwa.

Chukua watu wawili. Mmoja ana miaka 70 na amepoteza asilimia 40 ya mfupa kwenye jino lake baya kuliko yote. Gawanya 40 kwa 70: unapata kama 0.57. Hiyo ni kasi ya wastani. Mwingine ana miaka 35, naye amepoteza asilimia 40 hiyo hiyo. Gawanya 40 kwa 35: unapata zaidi ya 1, na chochote kinachozidi 1 ni kasi ya hatari, daraja la juu kabisa. Kwenye kiti cha daktari midomo hiyo miwili inaweza kufanana. Jirani akiiona atamhurumia mzee na kumwambia kijana "wewe bado". Hesabu inasema kinyume: anayehitaji kukimbizwa ni kijana.

Na mpango huo haukuishia kwenye umri. Unaruhusu daraja kupandishwa kwa mambo mawili tu: sigara na kisukari. Anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku anapelekwa daraja la kasi ya hatari. Mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu kimefika asilimia 7 au zaidi, naye vivyo hivyo. Jinsia haimo katika hesabu hiyo. Kati ya mambo yote yanayotajwa kuhusiana na fizi, hayo mawili ndiyo yaliyoonekana kuwa na ushahidi mzito kiasi cha kubadili hukumu ya daktari, na yote mawili yanaweza kushughulikiwa.

Tumbaku kwanza. Mwaka 2000 Scott Tomar na Samira Asma walichapisha uchambuzi wa takwimu za kitaifa za Marekani na kukuta kwamba mvutaji ana uwezekano wa mara 4 wa kuwa na ugonjwa huu akilinganishwa na asiyewahi kuvuta. Zaidi ya nusu ya ugonjwa uliokutwa kwa watu wazima ulihusishwa na uvutaji, wa sasa au wa zamani. Moshi unadhoofisha askari wa damu wanaopambana na bakteria, na unachelewesha kupona hata baada ya matibabu. Kisha unafanya jambo la hila zaidi: unapunguza damu kwenye fizi, hivyo fizi za mvutaji hazitoki damu kwa urahisi. Ishara pekee ambayo wengi wetu tunaijua imezimwa. Mvutaji anatema mate meupe, anajiona mzima, kumbe chini mfupa unakwenda.

Hapa ndipo swali la jinsia linapoanza kujibiwa. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 kuhusu tumbaku ulionyesha kwamba wanaume wanaovuta walikuwa asilimia 15 hivi, wanawake hawakufika hata asilimia 1. Basi ukiona fizi za wanaume ni mbaya zaidi, usikimbilie maumbile kabla hujauliza nani anavuta. Ila takwimu hizo hizo zina upande mwingine unaosahaulika. Kwa tumbaku isiyovutwa, yaani ugoro, kuberi na tumbaku ya kutafuna, wanaume walikuwa asilimia 5 na wanawake karibu asilimia 4. Pengo lililokuwa kubwa mno limekaribia kufutika.

Bibi anayetia ugoro chini ya mdomo ukimuuliza kama anavuta sigara atakwambia hapana, na hajadanganya. Fomu itaandikwa "hatumii". Lakini ukimwomba ainue mdomo wa chini, mahali pale anapoweka kila siku pameshaonyesha: ufizi umerudi nyuma, mzizi wa jino uko nje, wenye rangi ya njano kuliko jino lenyewe, na ngozi ya ndani imekunjamana na kuwa nyeupe. Meno ya upande wa pili hayako hivyo. Ni mkono wake ndio uliochagua upande. Wahudumu wa afya wanaouliza juu ya sigara peke yake wanawakosa akina mama hawa, na kisha tunashangaa kwamba uzee umewaharibu. Nalisemea hili kwa mkazo kwa sababu weupe ule si suala la fizi tu. Unapaswa kutazamwa na daktari kwa hofu ya saratani ya mdomo.

Tambuu yenye popoo na chokaa, inayotafunwa pwani na kwenye familia zenye asili ya Bara Hindi, ipo kwenye kundi hilo hilo la hatari, hasa ikichanganywa na tumbaku. Kuhusu mirungi, au miraa, tafiti zinapishana: zipo zinazoonyesha fizi kurudi nyuma upande unaotafuniwa, zipo zisizoona tofauti kubwa. Anayetafuna mirungi huku akivuta sigara na kunywa soda usiku kucha, na wengi hufanya hivyo, asitafute kisingizio katika mgongano huo. Pombe nayo inahusishwa na ugonjwa wa fizi, ingawa uzito wake haulingani na wa tumbaku.

Kisukari kinahitaji nafasi zaidi. Mwenye kisukari, hasa kisichodhibitiwa, yuko katika hatari ya kama mara 3 ya ugonjwa wa fizi. Na barabara hiyo ina njia mbili: uvimbe wa fizi unaingiza kemikali kwenye damu zinazofanya insulini isifanye kazi vizuri, hivyo sukari inazidi kupanda. Mapitio ya majaribio mengi yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kusafisha fizi kwa kina kunakishusha kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa zaidi kidogo ya 0.4, mathalani kutoka asilimia 8 hadi karibu 7.6. Inaonekana ndogo, lakini zipo dawa za vidonge zinazosifiwa kwa kushusha kiasi kisichozidi sana hicho. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9 hivi ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hao ndio watu wa miaka ile ambayo fizi zinaanza kuharibika na sisi tunaanza kuulaumu umri.

Nani ametazama midomo yao? Kliniki ya kisukari inapima uzito, presha, inatazama miguu kama ina vidonda, inapeleka macho yakapimwe. Hivyo vyote ni sawa kabisa. Fizi hazimo, labda mgonjwa mwenyewe alalamike, na tumeshaona kwamba ugonjwa huu haulalamikiwi.

Presha nayo ina lake. Nifedipini, dawa ambayo wengi wamepewa kwa miaka, inaweza kuzifanya fizi zikue na kufunika meno, na usafi ukiwa hafifu zinakua zaidi. Fenitoini ya kifafa inafanya hivyo pia. Mama wa miaka 55 anaona fizi zimenenepa kati ya meno ya mbele, zinatoka damu akipiga mswaki, anaacha kupiga mswaki pale, hali inazidi. Anaambiwa ni umri. Huenda ni kidonge, na daktari wake anaweza kukibadilisha, asikiache mwenyewe.

Wanawake wanastahili kusikilizwa zaidi ya asilimia zinavyosema. Ni kweli kwamba kwa jumla wana ugonjwa mdogo kuliko wanaume. Wanavuta kidogo, wanapiga mswaki zaidi, wanakwenda kwa daktari mapema, na huenda pia mwili wa mwanamume unajibu bakteria kwa uvimbe mkali zaidi. Lakini mwanamke ana vipindi ambavyo mwanamume hana. Homoni za ujauzito zinafanya fizi zijibu kwa nguvu hata ukoga kidogo. Zinavimba, zinakuwa nyekundu, zinatoka damu; wengine wanaota kinyama kati ya meno mawili, ambacho kwa kawaida husinyaa baada ya kujifungua. Wapo akina mama wanaoamini kwamba mtoto tumboni anachukua chokaa ya meno ya mama, na kwamba kila mimba lazima iondoke na jino. Meno hayanyonywi namna hiyo. Jino lililoondoka liliondoka kwa sababu ya uvimbe au tundu, na vyote viwili vingetibika.

Imani mbaya zaidi ni ile ya kwamba mjamzito haguswi meno. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, likiwahusisha wanawake 823, lilionyesha kwamba kusafisha fizi kwa kina katikati ya ujauzito ni salama na kunaboresha fizi. Halikuonyesha kwamba kunazuia mtoto kuzaliwa njiti. Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2007, nao haukuona uhusiano kati ya ugonjwa wa fizi wa mama na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Nalisema hili wazi kwa kuwa wapo wanaowatisha wajawazito kwamba fizi zao zitamdhuru mtoto. Hakuna haja ya kuwatisha. Mama anastahili fizi nzima kwa ajili yake mwenyewe, hiyo ni sababu tosha.

Baada ya hedhi kukoma, mdomo unaweza kukauka na mifupa ikapungua uimara, taya likiwamo. Hapo umri na jinsia vinakutana kweli, na ni haki kusema hivyo. Mwanamke aliyeufikia umri huo akiwa na mfupa wa kutosha ataivuka hatua hiyo kwa usalama zaidi kuliko aliyeingia nao ukiwa umeshaliwa.

Sasa usafi, maana kuna watakaosema: kama wa Machakos walikuwa na ukoga na hawakupoteza meno, kwa nini nijisumbue? Kwa sababu hakuna kipimo cha mtaani kitakachokwambia wewe ungekuwa kwenye ile asilimia 11 ya Sri Lanka iliyosalimika au kwenye asilimia 8 iliyoangamia haraka. Na kwa sababu bila ukoga, hata mwili ulio mwepesi wa kuumia hauna cha kupambana nacho.

Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Pakiwa laini kama kioo, vizuri. Pakiwa na mkwaruzo, kama ukuta mwembamba unaounganisha meno, huo ni ukoga uliogeuka jiwe. Unaanzia hapo mara nyingi kwa sababu mate yenye madini yanamiminika karibu yake, na hauondoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa mchanga. Mkaa na mchanga vinakwaruza jino na kuliacha jiwe palepale. Mswaki wa mti, ambao Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utumike mwaka 1986 pale unapopatikana, unasafisha vizuri mikononi mwa anayejua kuutumia. Shida yake ni shida ya brashi pia: watu wanasugua pale panapoonekana wakicheka, na ugonjwa unaanzia kati ya meno na upande wa ulimi. Uzi wa meno au brashi ndogo za kupenya kati ya meno ndizo zinazofika huko.

Jiwe lazima likwanguliwe na daktari au msaidizi wake. Wengi wanaogopa. Wamesikia kwamba ukisafishwa hospitali meno yanalegea, na hofu hiyo ina chanzo: jiwe lililokuwa limeyashika meno kama saruji likiondoka, na uvimbe ukishuka, mtu anaona mapengo na kuhisi meno yanacheza. Yalikuwa yamelegea tangu zamani. Jiwe lilikuwa linaficha. Baada ya wiki chache fizi hujibana na mara nyingi meno hutulia. Daktari anayefanya kazi hiyo bila kumweleza mgonjwa mapema anampoteza, na mgonjwa huyo anakwenda kuwaeleza wengine 10.

Kitendea kazi kikubwa cha daktari ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Anakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, anasoma. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 pana mfuko, yaani ufizi umeachana na jino. Hakihitaji umeme. Ukimwona daktari wa meno na hajawahi kukupima nacho, una haki ya kumwambia: "Daktari, naomba unipime fizi."

Najua madaktari ni wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika ina daktari wa meno kama 3 tu kwa kila watu 100,000. Ndiyo maana sioni mantiki ya kuwasubiri wagonjwa waje na meno yanayocheza, wakati watu walio hatarini tayari wanapita mikononi mwa wauguzi kila mwezi. Kliniki ya kisukari, kliniki ya presha, kliniki ya wajawazito. Muuguzi aulize: fizi zinatoka damu? Kuna jino linalocheza? Unatumia tumbaku ya aina yoyote, ugoro ukiwamo? Akijibiwa ndiyo kwa lolote, aandike rufaa ya meno kwenye kadi ile ile. Halihitaji jengo wala mashine.

Na mwanamume wa miaka 40 anayesoma haya huku pakiti ikiwa mfukoni aelewe jambo moja litakalomkuta akiacha. Wiki za mwanzo fizi zake zinaweza kuanza kutoka damu kuliko alipokuwa anavuta. Wengi huogopa hapo na kurudia sigara. Damu hiyo inaonyesha kwamba uvimbe uliokuwa umefichwa na moshi sasa unaonekana, na ndio wakati wa kwenda kusafishwa. Katika takwimu zile zile za Tomar na Asma, hatari ya walioacha iliendelea kushuka mwaka hadi mwaka, na kwa waliotimiza miaka 11 bila sigara ilikuwa imekaribia kulingana na ya watu ambao hawajawahi kuvuta. Atakuwa na miaka 51 wakati huo.